Ukurasa wa Koplo Dadi

Mjomba wangu Sadick Mandanje, Mungu amrehemu, alikuwa na mwandiko ambao ukishalala siku mbili hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nauchapa. Nina duka la kutoa kopi hapa Kilwa Masoko, si mbali na sokoni, kompyuta mbili na printa moja yenye kiburi. Kwa miaka mitatu mezani kwangu hapakukosa daftari lake kubwa, limefunguliwa kwenye ukurasa uliojaa mishale. Huu unapanda juu, ule unashuka pembeni, mwingine unavuka kwenda ukurasa wa pili na kupotelea huko. Nikimpigia simu kumuuliza, ananijibu, "Soma vizuri, Batuli, mbona pako wazi." Nilimpenda sana, lakini zipo siku nilitaka kumfungia nje.

Mjini walimwita Bwana Ulikuwepo. Ukimwambia pilau ya harusi ya jana ilipungua, anakuuliza, "Ulikuwepo?" Ukimwambia fulani kamwacha mkewe, "Ulikuwepo?" Ukisema hapana, umesikia tu, basi anarudi kwenye kikombe chake cha kahawa na habari yako imeishia hapo. Wapenda umbea walimkwepa. Wengine walimchokoza makusudi: "Mzee Sadick, tunasikia ulizaliwa Kivinje. Ulikuwepo?" Hilo lilimchekesha kila mara, hata aliposikia mara ya mia.

Kanuni hiyo aliitoa vitani. Alizaliwa mwaka hamsini na tatu, baba yake akiuza chumvi na samaki wakavu, akasoma mpaka akafika Dar es Salaam na kuajiriwa kwenye gazeti moja ambalo siku hizi halipo. Vita vya Kagera vilipoanza alikuwa na miaka ishirini na tano, hana mke, hana mtoto. Mhariri alikitazama chumba kizima, jicho likamwangukia yeye. Wakampa daftari, kalamu na kofia ya chuma iliyomzidi kichwa, akawafuata wanajeshi kwa miezi kadhaa kwenye matope na migomba. Kofia ile, alituambia, ilimfaa zaidi kwa kupikia maharage.

Sisi watoto tulitaka mizinga. Yeye alitusimulia juu ya mpishi aliyekuwa anaimba kaswida huku anamenya viazi, juu ya kiatu chake cha kushoto kilichobaki kwenye tope la barabara moja, na juu ya dereva aliyeshona vifungo vya mashati ya kikosi kizima. Mizinga aliisema kwa kifupi, kama mtu anayetaja jina la anayemdai. Alirudi na madaftari kumi na moja, ameyafunga kwenye kipande cha turubai, na hayo ndiyo mali pekee aliyoitunza maisha yake yote.

Vita vilipokwisha, kikosi alichofuatana nacho kikamwomba awaandikie historia yao rasmi. Hapo ndipo alipotoka kwenye uandishi wa habari akawa mwanahistoria, na mabadiliko hayo aliyapenda kupita kiasi. Alikuwa anasema habari ya gazeti kesho yake inafungiwa maandazi, bali historia rasmi inabaki kabatini. Kijitabu kilitoka mwaka themanini na nne, kurasa sitini, kikapelekwa kwenye shule nyingi. Nakala yake aliiviringisha kwenye kanga ya marehemu mkewe. Ukiitaka lazima unawe mikono kwanza, tena mbele yake.

Alipostaafu, na mkewe ameshatangulia, alirudi Kilwa akakaa chumba cha uani kwangu. Wazee na wastaafu wa hapa walikuwa wameunda kamati yao. Walitaka kitabu cha watu wa wilaya yetu waliokwenda kwenye vita vile, waliorudi na wasiorudi, kabla wanaokumbuka hawajaisha. Nani aandike? Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mjomba alinunua madaftari mapya, akanijulisha kwamba mimi ndiye mchapaji. Kuniomba hakuniomba.

Tukaanza safari za mabasi na bodaboda. Nilimsindikiza kwa sababu ya magoti yake, na kwa sababu alikuwa anasahau simu kila anapokaa. Kila nyumba alikwenda na sukari na majani ya chai. Hakuanza kuuliza vita, aliuliza kwanza shamba, mvua, wajukuu, na mwishowe akafungua daftari na kusema kwa upole, "Haya, tuanze. Wewe ulikuwepo?"

Siku tuliyofika Somanga tulikuwa tunatafuta watu wa marehemu Koplo Dadi Liumbo, Mmatumbi, aliyefia vitani. Tukaonyeshwa binti yake, Adija, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, anayekaanga samaki kando ya barabara kuu pale mabasi ya Lindi na Dar yanaposimama. Alitusalimia vizuri, "Shikamoo mzee," akatupa maji na benchi. Mjomba akajitambulisha. Adija aliacha kugeuza samaki.

"Wewe ndiye Sadick Mandanje wa kile kitabu?"

Mjomba akaiweka sawa kofia yake. Nilimwona anavyovimba kwa furaha. "Ndiye mimi, mwanangu. Umekiona?"

"Baba yangu yumo," alisema Adija. Kisha, bila kupandisha sauti, akakitamka kifungu kizima kwa kichwa kama mtu anayesoma dua. "'Funzo la nidhamu. Koplo D. L., mwenyeji wa Somanga, badala ya kusonga mbele na wenzake, alikutwa amejifunika majani ya migomba, akilia na kumwita mama yake.' Somanga nzima, mzee, D. L. alikuwa mmoja."

Samaki walianza kuungua. Hakuna aliyewageuza.

Akatueleza. Mwalimu alikisoma kijitabu darasani, wala hakuwa na nia mbaya. Aliona jina la Somanga, akafurahi kwamba na kwao kumetajwa, akasoma kwa sauti, na aliposhtuka ameshamaliza. Jioni yake kijiji kizima kilikuwa na habari. Mama yake Adija alikuwa amepanga kusomesha khitma ya mumewe mwezi ule. Waliohudhuria walihesabika kwa vidole. Adija akabandikwa jina la Binti Majani, na wapo mpaka leo wanaomwita hivyo wakija kununua samaki. Mama yake amekufa bila kulitamka tena jina la mumewe mbele ya watu.

"Sitaki mengine," alisema. "Unaandika kitabu kipya? Mwandike baba yangu kama alivyokuwa, na useme wewe ndiye uliyemwandika vibaya. Ukishindwa hilo, jina lake usiliguse."

Mjomba alijikaza. "Mwanangu, mimi sikutunga. Niliambiwa na mtu aliyekuwepo."

"Nani?"

"Nitakuletea jina lake."

Tulipanda basi kurudi Masoko. Usiku huo na asubuhi yake alifungua turubai lake, na kwenye daftari la saba akapata. Wiki iliyofuata tulirudi Somanga. Alivaa miwani, akamsomea Adija alichokiandika kwa mkono wake akiwa kijana. Mtoa habari alikuwa majeruhi mmoja, Yohana, wa Liwale, amelazwa kwenye hema la hospitali, mguu umefungwa. Alikuwa kikosi kimoja na Dadi, amelala naye handaki moja. Alikuwepo. Amesema: Dadi yule Mmatumbi ni mwoga, Wamatumbi wote waoga, alijifunika majani ya migomba kama samaki ndani ya pakacha, analia anamtaka mama yake, hata kufa alikufa kwa uroho wa ndizi. Chini mjomba aliongeza: majeruhi anacheka na kulia kwa pamoja, pengine maumivu ya mguu.

"Wa wapi umesema?" Adija aliuliza.

"Wa Liwale."

Adija akacheka, kicheko kibaya, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mngindo huyo. Mzee wangu, Mngindo na Mmatumbi ni nani na nani?"

Nilimtazama mjomba. Alikuwa anavua miwani.

Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini maandishi huenda mbali, kwa hiyo nieleze. Wangindo na Wamatumbi ni watani. Mtani akifiwa na mtani wake haji msibani na maneno mazuri. Hayo ni ya ndugu na majirani. Yeye huja na matusi. Atasema marehemu alikuwa mwizi wa kuku, mvivu, mwoga, alikufa kwa ulafi, na atalala njiani kuzuia jeneza mpaka atulizwe kwa kupewa chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na ndivyo msiba unavyokuwa mwepesi kubebeka. Mtu asiyetukanwa na mtani siku ya maziko yake amezikwa kama asiye na watu.

"Alikuwa anamzika baba yangu," alisema Adija. "Hapakuwa na mtu mwingine wa kumzika. Wewe ukaandika."

"Niliuliza kama alikuwepo," mjomba alisema, kwa sauti ndogo sana.

"Ulimuuliza kama alikuwepo. Hukumuuliza yeye ni nani kwa marehemu."

Nitamtetea mjomba kidogo, maana na mimi ni damu yake. Matanga ya watani ameyaona tangu mtoto, alijua. Lakini vijana wa wakati ule walifundishwa kwamba kumuuliza Mtanzania mwenzako kabila lake ni ushamba, tena vitani, watu wamevaa nguo moja na wanakula sufuria moja. Aliandika mahali, hakuuliza kabila, akajiona mstaarabu. Na miaka mitano baadaye, sura ya nidhamu ilipohitaji mfano mbaya, akafungua daftari la saba na mfano ulikuwa unamsubiri pale. Kujua kwake kote kulimfaa nini?

Alitaka kumwona Yohana kama yu hai. Tulikata tiketi mpaka Nangurukuru, tukachukua gari jingine la Liwale, barabara ile ya vumbi ambayo ikikutoa mzima unashukuru. Yohana tulimkuta shambani kwake, chini ya mikorosho aliyoipanda mwenyewe, mzee mwembamba anayevuta mguu. Mjomba alipotaja jina la Dadi Liumbo, yule mzee hakufikiri hata kidogo.

"Yule Mmatumbi mwizi wa ugali? Kumbe bado mnamkumbuka mtu bure kama yule?"

Kisha akakaa chini kwenye majani makavu na kulia kwa sauti, mzee wa miaka sabini na zaidi. Tulimwacha. Alipomaliza alitusimulia kwa utulivu. Yeye ndiye aliyepigwa mguu. Dadi alimburuta mpaka kwenye shimo, akamfunika majani ya migomba asionekane, akamwambia, "Tulia humo, Mngindo wewe, usilielie kama mtoto." Akarudi mbele kumchukua mwingine. Hakufika mbali. Yohana, akiwa amelala chini ya majani yale, alimwona akianguka, na yeye hakuweza kusimama.

"Kule hemani nilimtukana siku tatu," alisema. "Hapakuwa na ndugu yake hata mmoja. Ningemwacha aende hivihivi? Watu wa bara waliokuwa pale walidhani nimerukwa na akili. Ukaja wewe na kofia yako kubwa, nikafurahi, nikasema angalau huyu wa pwani yetu atanielewa." Akamtazama mjomba. "Ukaandika?"

"Niliandika."

"Yote?"

"Yote."

Yohana alishika kichwa. "Basi ulikuwa mjinga sana, ndugu yangu," alisema, bila hasira, akatukaangia korosho.

Mtu atadhani mjomba alirudi Masoko na kukimbilia kalamu. Wapi. Miezi miwili alizunguka. Aliandika sura za watu wengine, alirekebisha ramani, alinikosoa nafasi kati ya mistari. Siku moja akaniletea sura ya Dadi. Ushujaa wote ulikuwemo, shimo, majani, Yohana, vizuri kabisa, halafu sentensi hii: "Taarifa za awali zilizokuwa na upungufu sasa zimesahihishwa."

Nikamuuliza, taarifa zilijiandika zenyewe? Upungufu uliingia kwa mlango gani?

"Ndiyo lugha ya historia, Batuli."

"Mjomba, muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe umesimama unasingizia upepo."

Akakasirika. Nami nikakasirika zaidi, maana hasira nimeirithi kwao huko huko. Nilimwambia printa imeharibika. Akachukua daftari lake kwa heshima zake zote akaenda duka la jirani. Baada ya nusu saa alirudi. Kule walishindwa kuusoma mwandiko. Alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona mzee kweli kweli. Akasema, "Mwanangu, mimi nina nini kingine? Nyumba sina. Mke kaondoka, watoto hatukujaaliwa. Nina jina kwamba Sadick hakuandika uongo. Nikilitoa hilo nabaki na nini?"

Nililia, sikumficha. Lakini nilimwambia Adija naye hakuwa na kingine, na lake lilichukuliwa akiwa mtoto. Alikwenda uani, na taa ya chumba chake niliiona imewaka nilipoamka kwa sala ya alfajiri.

Ukurasa alionikabidhi asubuhi ile haukuwa na mshale hata mmoja. Niliuchapa ulivyo:

"Koplo Dadi Liumbo, mzaliwa wa Somanga, alimwokoa mwenzake aliyejeruhiwa, akamficha chini ya majani ya migomba, na aliuawa akirudi kumwokoa wa pili. Mwaka 1984 niliandika katika kitabu rasmi kwamba yeye ndiye aliyejificha. Niliambiwa hivyo na mtani wake aliyekuwa akimwombolezea, nami sikutambua maombolezo. Kosa ni langu, Sadick Mandanje, si la mtu mwingine. Nawaomba radhi mke wake marehemu na binti yake Adija."

Kamati ilishtuka. Mwenyekiti, Mzee Musa, alikuja dukani mwenyewe, mtu mpole, mwalimu wa zamani. Alisema kitabu rasmi hakiwezi kusema "mimi", na kwamba mwandishi akijisema mwongo ukurasa wa kumi na saba, nani ataamini ukurasa wa kumi na nane? Swali lilikuwa la maana, sitasema uongo. Mjomba alimjibu kwamba aliyemchafua mtu kwa jina lake amsafishe kwa jina lake, na kama ukurasa unatoka, basi watoe na jina la Sadick kwenye jalada. Walivutana wiki tatu. Mwishowe Mzee Musa akasema afadhali kitabu chenye aibu moja kuliko kutokuwa na kitabu, na ukurasa ukabaki.

Vitabu vilipotoka, nakala ya kwanza hakumpelekea mkubwa yeyote. Tulipanda basi la asubuhi, ameivaa kanzu yake nyeupe ya Idi. Adija alinawa mafuta mikononi, akakausha kwa kanga, akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Mjomba alikuwa ameshamfungulia ukurasa. Adija aliutazama muda mrefu, akapitisha kiganja juu yake kama mtu anayelainisha shuka, akamrudishia.

"Nisomee."

"Soma mwenyewe, mwanangu. Ni wako."

"Sijui kusoma, mzee wangu. Niliacha shule darasa la pili. Siku ile mwalimu aliposoma kitabu chako nilitoka nikaenda nyumbani, sikurudi tena."

Mjomba alikuwa amejiandaa kwa hasira ya Adija, kwa machozi yake, hata kwa kutosamehewa. Hili hakuliandalia chochote. Alikaa kwenye benchi na kanzu yake nyeupe juu ya mafuta yaliyomwagika. Baadaye akasimama. Adija alikuwa ameita jirani zake, wauza mihogo na vijana wa bodaboda, na basi la Lindi lilikuwa limesimama na abiria wamechungulia madirishani. Akausoma ukurasa wote kwa sauti. Alipofika kwenye jina lake sauti ilikatika, akaanza upya sentensi ile kutoka mwanzo. Mama mmoja mzito, muuza mihogo, alimkumbatia Adija akamwita kwa jina lake, Adija binti Dadi, na wengine wakafuata.

Nilidhani yameisha. Tumesoma, tumeomba radhi, tumekula samaki, tumerudi. Alhamisi iliyofuata nikamwona mjomba na daftari jipya, penseli mbili na kifutio, anaelekea stendi.

"Wapi tena?"

"Somanga."

"Kuna mtu hujamhoji?"

"Kuna mtu hajui kusoma," alisema, akapanda basi.

Mwaka mmoja na miezi miwili, kila Alhamisi. Magoti yanauma, anakwenda. Mvua imekata barabara, anakwenda mpaka pale lilipoishia basi na kurudi akinuna. Walikaa kwenye benchi kati ya basi moja na jingine; yeye anaandika, Adija anafuatisha, samaki wanageuzwa. Adija alikuwa mkali. Wiki ya kwanza alimwambia hawezi kujifunza kwa herufi zinazofanana na dagaa waliomwagika, aandike vizuri au asije. Mjomba, ambaye mhariri wala kikosi wala mimi hatukumweza, akanunua daftari la mistari ya watoto wa chekechea, na jioni nilimkuta mezani anafanya mazoezi ya "a" na "e", ulimi umetoka pembeni. Aliniona nacheka. "Cheka tu," alisema. "Leo kasoma 'samaki' bila kusaidiwa."

Alifariki mwaka jana, baada ya sala ya alasiri, kwenye kiti chake, bila kumsumbua mtu. Matanga yalijaa. Kamati walihutubia, wakataja kikosi, wakataja vitabu viwili. Mzee Yohana alishindwa kusafiri, akanipigia simu kuniambia kwamba kama wangekuwa watani angekuja kumtukana mpaka kaburi litikisike, lakini kwa vile si watani atamwombea tu. Adija alikaa jikoni siku zote tatu, akipika, hakutaka kuhutubia.

Alikuja dukani kwangu mwezi uliofuata, kitabu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Palikuwa na wateja. Alivuta kigoda akakaa.

"Batuli, nataka nikusomee."

Alikifungua ukurasa wa kumi na saba, akaweka kidole. "Ko-plo. Koplo. Da-di. Dadi. Li-u-mbo." Akapumzika. "Mza-li-wa. Mzaliwa wa So-ma-nga." Kidole kikasimama. Akarudi nyuma, akasoma tena kimya, midomo inacheza. Uso ukabadilika.

"Mjomba wako kakosea."

"Wapi?"

"Hapa. Baba hakuzaliwa Somanga. Alizaliwa Njinjo, Somanga alikuja kuoa. Siku ile aliposoma nilisikia jina la baba tu, mengine yalinipita." Akainua kichwa. "Mpaka na hiki kakosea, huyu mzee."

Nilicheka mpaka nikashika meza, na nilipogundua kwamba nalia Adija alikuwa analia pia, tena ameudhika. "Sikuchezei," alisema. "Rekebisha."

Faili la kitabu bado lilikuwemo kwenye kompyuta. Nikalifungua, nikautafuta ukurasa, nikaipeleka alama mpaka kwenye neno lile na kulifuta. Nikaweka vidole kuandika, Adija akanishika mkono. Aliniambia nimpishe kwenye kiti. Akakaa, akaitazama kibodi kama mtu anayemtafuta mtoto wake kwenye gwaride la shule. Aliipata N, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akahakikisha kwenye kioo kwamba imetokea, ndipo akaanza kuitafuta j. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri kopi za vitambulisho wakaniuliza kama kutachukua muda. Nikawaambia ndiyo, wakae.